Mapenzi Yasiyoshikana Mikono: Uigizaji wa Mahaba Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Katika michezo na filamu za mapenzi zinazopendwa Garissa, Wajir na Mandera, mwanamume na mwanamke kwa kawaida hawagusani. Hakuna kukumbatiana, na busu halifikiriwi kabisa. Mtazamaji aliyezoea filamu za Marekani anaweza kudhani kwamba hapo hakuna kilichotokea, kumbe jirani aliyeketi kando yake amekwisha kuona yote: ncha ya ushungi iliyorekebishwa ingawa haikuwa imeharibika, jibu lililochelewa kidogo, mwanamume aliyeuliza habari za ngamia huku macho yakiwa mlangoni. Namna hii ya kuigiza ina historia ndefu kuliko sinema yenyewe. Ilianza kwenye ngoma za wafugaji, ikapandishwa jukwaani Hargeisa na Mogadishu, ikasikika redioni na kwenye kaseti kwa watu ambao hawakupata kuona jukwaa hilo, na mwishowe ikafika mbele ya kamera.

Kaunti tatu za Kaskazini Mashariki ni kipande cha iliyokuwa Northern Frontier District, au NFD kama wazee wanavyoiita hadi leo. Garissa iko ukingoni mwa Mto Tana, safari ya karibu kilomita 370 mashariki mwa Nairobi. Wakazi wengi ni Wasomali: koo za Ogaden kama Abdwak, Aulihan na Abdalla upande wa Garissa; Degodia na Ajuran huko Wajir; Garre na Murulle huko Mandera. Kando ya mto wako pia Wamunyoyaya na Wamalakote, na katika misitu inayoelekea Lamu wako Waboni. Kismayu na eneo lote la Juba lilikuwa sehemu ya Kenya ya Waingereza hadi mwaka 1925, lilipokabidhiwa Italia. Mpaka ukakata katikati ya watu waliokuwa wakioana na kuchungia malisho mamoja. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliitangaza NFD kuwa wilaya iliyofungwa, na mtu alihitaji kibali kuingia au kutoka. Basi haishangazi kwamba kwa miongo mingi masikio ya watu wa huko yalielekea Kismayu, Mogadishu na Hargeisa kuliko Nairobi. Hata tamthilia ya Kiswahili iliyostawi Mombasa na Dar es Salaam iliwapita mbali.

Shule ya kwanza ya uigizaji huu ilikuwa uwanja wa ngoma. Dhaanto, inayohusishwa hasa na koo za Ogaden, huchezwa kwa mistari miwili, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, kwa mwendo unaoiga hatua za ngamia. Mistari hiyo husogeleana kisha hurudi nyuma. Mmoja hutoa shairi na wengine huitikia, na upande wa pili unatarajiwa kujibu. Hapo ndipo kijana alipopata nafasi ya kumwambia msichana jambo ambalo hangeweza kumwambia faragha, kwa sababu faragha yenyewe haikuwepo: ndoa ilipangwa na familia, kukiwa na mazungumzo ya mahari baina ya koo, na msichana aliyeonekana akizungumza peke yake na mvulana angeletea nyumba yake maneno. Kijana aliyependa alilazimika kusema mbele ya watu wote bila kusema. Alisifu mvua, kisima au ndama wa ngamia, na waliokuwa uwanjani walijua sifa hizo zilikuwa zikielekea wapi. Msichana naye alijibu kwa ubeti wa chini zaidi, au kwa kutojibu. Kunyamaza katikati ya ngoma ambayo kila mtu anasubiri jibu ni tendo la kuigiza, na halihitaji mafunzo mengine zaidi ya kukulia mahali pale.

Wanawake walikuwa na uwanja wao pia. Katika harusi walitunga na kughani buraambur, mashairi ya kike yanayosifu bibi harusi, mama zake na ukoo wake, huku mmoja akiingia katikati ya duara na kucheza. Mengi yanayohusu ndoa, wivu na kuachwa yalisemwa humo kwa uwazi ambao wanaume hawakuusikia. Waigizaji wa kike wa baadaye walipotakiwa kuonyesha mwanamke aliyevunjika moyo jukwaani, hawakuanza na ukurasa mtupu.

Kisa kikubwa cha mapenzi kinachojulikana na karibu kila Msomali, iwe Mandera au Minneapolis, ni cha Elmi Boodhari. Huyu alikuwa kijana wa wafugaji aliyefanya kazi katika duka la mikate mjini Berbera, katika Somaliland iliyokuwa chini ya Waingereza. Msichana aitwaye Hodan alikuja kununua mkate; Elmi alimwona na maisha yake hayakurudi yalivyokuwa. Alitunga mashairi akimtaja Hodan waziwazi, jambo lililoonekana kuwa fedheha kwa mwanamume wa zama zile, ambaye alitarajiwa kutunga juu ya vita, ngamia na siasa za koo. Hodan aliozwa mtu mwingine. Elmi alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1940, na watu wakasema ameuawa na mapenzi. Kwa upande wa uigizaji, kisa hiki kina nguvu kwa sababu hakina tukio kubwa lolote. Kuna mkate, kuna sarafu, kuna kutazamana kwa muda mfupi. Mtu yeyote anayetaka kukiigiza hana budi kuubeba mzigo wote katika dakika ile ya dukani, na akiikosa, mchezo mzima umekwisha.

Miaka michache baadaye, kiasi cha 1945, dereva wa lori aitwaye Abdi Deeqsi alianzisha mtindo mpya wa mashairi mafupi ya mapenzi yaliyoitwa belwo. Lakabu yake ilikuwa Sinimo, kutokana na sinema, na jina hilo lilimfaa mtu aliyejua kuwachangamsha wenzake. Lori lilikuwa chombo muhimu hapa: lilibeba nyimbo kutoka mji hadi mji haraka kuliko msafara wowote wa ngamia. Belwo zilipounganishwa na kurefushwa zikawa heello, wimbo wa kisasa wa Kisomali. Aliyeupa wimbo huo ala ya udi alikuwa Abdullahi Qarshe, mzaliwa wa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, aliyekulia Aden baada ya baba yake kufariki. Huko Aden alisikiliza muziki wa Kiarabu na kutazama filamu za Kihindi. Hivyo mtu anayehesabiwa kuwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali alizaliwa miguuni pa Kilimanjaro na akapata kionjo cha kwanza cha mahaba ya jukwaani kutoka Bombay. Waandishi wanaopenda kuzungumzia utamaduni safi usiochanganyika wangefaa kumkumbuka.

Kutoka kwenye wimbo ulizaliwa mchezo wa kuigiza, riwaayad. Kundi la Walaalo Hargeysa lilianzishwa mwaka 1955, na katika siku za awali sehemu za wanawake ziliigizwa na wanaume. Waimbaji wa kike wa kwanza, kama Khadija Eye Dharar na Shamis Abokor, walivumilia matusi kabla ya umma kukubali kwamba mwanamke anaweza kusimama mbele ya watu na kuimba. Mogadishu ilipata Jumba la Taifa la Sanaa lililojengwa kwa msaada wa China mwaka 1967, na kundi la Waaberi, lililoungana na redio ya serikali, likawa mwajiri mkuu wa waigizaji na wanamuziki. Magool, Maryam Mursal, Hasan Adan Samatar na Hibo Nuura wote walipita humo.

Riwaayad ilitungwa kwa namna ambayo mwandishi wa Ulaya angeiona ngumu. Kisomali hakikuwa na hati rasmi hadi Oktoba 1972, kwa hiyo mtunzi aliubeba mchezo kichwani na kuwafundisha waigizaji kwa mdomo hadi wakauhifadhi. Sehemu muhimu zilikuwa za kishairi na zilifuata kanuni ya kurudiarudia sauti moja ya mwanzo wa neno ubeti hadi ubeti. Mwigizaji aliyesahau neno hakuweza kubuni jingine ovyo, maana masikio ya ukumbi yangemkamata mara moja. Kati ya mashairi kulikuwa na maneno ya kawaida na vichekesho ambavyo waigizaji waliruhusiwa kuvinyoosha wanavyotaka. Mgawanyo huo ulizaa aina ya pekee ya uigizaji: mwili na mzaha vilikuwa huru, ilhali maneno ya mapenzi yalikuwa yamefungwa kama ahadi.

Mfano unaosomwa zaidi ni Shabeelnaagood, yaani Chui Miongoni mwa Wanawake, wa Hassan Sheikh Mumin, ulioigizwa Mogadishu mwaka 1968 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na B. W. Andrzejewski mwaka 1974. Shabeel ni laghai anayewanasa wasichana kwa ndoa za uongo. Shallaayo ndiye anayenaswa. Mchezo kama huu ungeweza kuigizwa kwa kelele, lakini ugumu wake uko kwingine. Shabeel lazima avutie kweli. Mwigizaji akimwonyesha kuwa mwovu tangu mwanzo, Shallaayo anaonekana mjinga na huruma ya watazamaji inapotea. Kwa hiyo maneno ya ulaghai yanapaswa kutamkwa kwa upole uleule wa mapenzi ya kweli, na tofauti ibaki ndogo kiasi kwamba ni mwenye kusikiliza sana tu anayeitambua.

Wimbo wa wapenzi wawili ndio uliokuwa kilele cha mchezo. Waigizaji walisimama wakiwa wameachana, mara nyingi kila mmoja akielekea ukumbi badala ya kumwelekea mwenzake. Mwanamke alikuwa na garbasaar, shela ya begani, na shela hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko mapambo yote ya jukwaani: ikivutwa usoni ilionyesha aibu, ikiachwa iteleze ilionyesha kusahau nafsi, ikizungushwa kidoleni ilionyesha subira inayokwisha. Mwanamume alikuwa na fimbo au mikono mitupu, na kwa kweli alikuwa na vifaa vichache zaidi. Labda ndiyo sababu waimbaji wa kiume waliopendwa sana walikuwa wale ambao sauti yao ilipasuka kidogo mwishoni mwa ubeti. Nyimbo hizi ziliishi kuliko michezo iliyozizaa. Watu wengi wanaoziimba leo hawajui tena ziliimbwa na mhusika gani, wala alikuwa akimjibu nani.

Wakati Waaberi wakijaza kumbi, Kaskazini Mashariki ilikuwa katika hali nyingine kabisa. Tume ya mwaka 1962 ilikuta kwamba wakazi wengi wa NFD walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza haikuyatekeleza matakwa hayo, na baada ya uhuru wa Kenya vikafuata vita vya shifta vilivyodumu hadi 1967. Hali ya hatari iliendelea kisheria katika eneo hilo hadi mwaka 1991. Kundi la maigizo la Mogadishu kuvuka mpaka na kutandika jukwaa Garissa au Wajir katika miaka hiyo lilikuwa jambo gumu sana. Lakini mawimbi ya redio hayaulizi kipande. Radio Mogadishu ilisikika, Radio Hargeisa ilisikika, na idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilitangaza mashairi na michezo pamoja na habari. Sauti ya Kenya nayo iliweka matangazo ya Kisomali kutoka Nairobi, kwa sehemu ili kupambana na yale ya Mogadishu. Redio ilikuwa uwanja wa vita kiasi kwamba makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyomaliza uhasama baina ya Kenya na Somalia, yaligusia pia kukomeshwa kwa propaganda za chuki. Kati ya hotuba za kutukanana, wimbo wa mapenzi uliendelea kupigwa.

Hii ina maana kwamba kwa kizazi kizima cha watu wa Garissa, uigizaji wa mahaba ulikuwa kitu cha kusikika. Shela haikuonekana, wala jicho. Kilichobaki ni pumzi, mkawio kabla ya jibu, na ile sauti ya chini ambayo mtu huitumia anapojua kwamba chumba cha pili wako watu. Msikilizaji alijaza mengine mwenyewe, na bila shaka alijaza vizuri, kwa sababu alikuwa ameketi na redio moja kati ya watu wengi, baadhi yao wakwe zake. Sanaa iliyoimarika kwa adabu ya kutogusana ilipata katika redio chombo kilichokuwa kikiifaa kabisa. Filamu za mapenzi za Magharibi zingepoteza nusu ya nguvu zake zikisikilizwa bila picha. Riwaayad ilipoteza kidogo tu.

Kaseti ilimpa msikilizaji mamlaka ya kurudia. Kipande kilichomgusa kiliweza kurudishwa nyuma mara kumi, hadi utepe ukachakaa mahali pale pale. Kaseti zilinakiliwa nyumba kwa nyumba na kusafiri katika malori ya mifugo na magunia ya bidhaa. Ndege za kivita za serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia zilipoipiga Hargeisa mwaka 1988, kanda za redio zilifichwa, nyingine zikazikwa ardhini. Baadaye taasisi ya Redsea Cultural Foundation ya mji huo ilikusanya zaidi ya kaseti 10,000. Mkusanyiko wa nyimbo uliotokana na hazina hiyo, Sweet as Broken Dates wa mwaka 2017, uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, soko la kanda lilihamia Nairobi. Nyumba ya wageni ya Eastleigh iliyoitwa Garissa Lodge, iliyokuwa ikilaza wasafiri kutoka kaskazini, iligeuzwa kuwa jengo la maduka: wakimbizi walikodi vyumba, wakauza nguo kutoka kitandani mchana na kulala juu ya kitanda hichohicho usiku. Kutoka Eastleigh kanda za sauti na za video zilirudi mashariki kwa basi, zikapita Mwingi na kuvuka daraja la Tana.

Mwalimu wa pili wa mahaba, baada ya riwaayad, alikuwa filamu ya Kihindi. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeipokea tangu miaka ya 1950; mwanahistoria Laura Fair ameeleza jinsi Awaara ya Raj Kapoor ilivyoteka Zanzibar na miji ya Tanganyika. Mogadishu nayo ilikuwa na kumbi zilizoonyesha filamu hizo, na baadaye video ikazileta hadi Mandera. Sababu za kupendwa kwake ni rahisi kuzieleza. Familia iliweza kuketi pamoja mbele yake. Wapenzi hawakubusiana; waliimba, walijificha nyuma ya miti, wakageuza nyuso mbele ya wazazi waliokuwa wakipanga ndoa nyingine. Tatizo la hadithi, yaani kijana na msichana dhidi ya heshima ya nyumba mbili, lilikuwa tatizo lile lile la dhaanto.

Tukio moja la sinema hiyo linaonyesha ujuzi huu ulivyoweza kufika mbali. Katika Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka mwaka 1960, mwanamfalme Salim na mnenguaji Anarkali wako bustanini usiku, huku wimbo wa mwimbaji wa kasri ukisikika kwa mbali. Dilip Kumar anachukua unyoya mweupe na kuupitisha polepole usoni pa Madhubala. Hakuna kingine. Unyoya ndio unaogusa, mkono haugusi. Uso wa Madhubala ndio unaobeba mengine yote, na unayabeba kwa kope tu. Inajulikana kwamba wakati wa kupiga picha hizo waigizaji hao wawili, waliokuwa wamependana kisha wakakosana, hawakuwa wakizungumza. Katika Pakeezah ya mwaka 1972 mgeni anaingia katika behewa la treni na kuona miguu ya mwanamke aliyelala, akamwachia karatasi ya kuisifu na kwenda zake. Mapenzi ya filamu nzima yanaanzia kwenye karatasi hiyo, kabla hata hawajatazamana uso kwa uso. Mwenye kuzoea adabu za Garissa hahitaji kuelezwa ni kwa nini matukio haya yanakumbukwa.

Lugha haikuwa kizuizi kikubwa. Mwanzoni mtu mmoja aliyewahi kuiona filamu alisimulia wengine. Baadaye studio za Kisomali zikaanza kuingiza sauti za Kisomali juu ya Kihindi, na kazi hiyo sasa ni biashara kamili. Kenya ya vibanda vya video imezoea msimulizi wa aina ya DJ Afro, anayefanya filamu ya kigeni iwe kichekesho cha Kiswahili na Sheng. Msimulizi wa Kisomali wa filamu za mapenzi huwa makini zaidi, kwa kuwa anarithi sauti ya riwaayad. Hata hivyo sauti mpya ikiwa ya kelele juu ya uso mtulivu, uigizaji wa awali unafunikwa. Baadhi ya tafsiri hizi zimeharibu matukio mazuri ambayo yangeeleweka bila neno hata moja.

Mwaka 1991 ulileta pia kambi za wakimbizi za Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, katika Kaunti ya Garissa, zilijengwa kwa ajili ya watu 90,000. Kufikia njaa ya mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Vibanda vya video vilikuwa miongoni mwa biashara za mwanzo za wakimbizi. Shirika la FilmAid, lililokuwa limeanza kazi Kakuma, liliingia Dadaab mwaka 2006 likionyesha filamu jioni kwenye turubai kubwa kando ya lori, na likawafundisha vijana kushika kamera na kuandika michezo mifupi. Nyingi za filamu hizo zilihusu afya na usalama, lakini ndoa za mapema na ndoa za lazima zilikuwa mada ya kila mara, na mada hizo haziwezi kuigizwa bila mtu kucheza msichana anayempenda mwingine. Kamera ndogo iliyokaribia uso ilibadilisha kanuni za jukwaa. Ishara ya shela iliyotosha kuonekana safu ya nyuma ya ukumbi wa Mogadishu sasa ilionekana kuwa kubwa mno, na vijana walijifunza kupunguza.

Upinzani ulikuwepo na bado upo. Tangu miaka ya 1990 mahubiri ya kupinga muziki yalipata nguvu katika jamii za Kisomali pande zote za mpaka, na waimbaji kadhaa wa zamani waliacha sanaa. Huko Mogadishu, Aprili 2010, kundi la Hizbul Islam liliamuru redio zisipige muziki wowote. Kaskazini Mashariki mwa Kenya haikufikia amri ya aina hiyo, lakini shinikizo lilisikika zaidi kwa wanawake: familia ambayo ingemvumilia mvulana mwigizaji ilimkataza dada yake. Matokeo yake ni kwamba filamu nyingi ndogo za Eastleigh na Garissa zina wanaume wengi na mwanamke mmoja au wawili, na mapenzi humo husimuliwa kuliko kuonyeshwa. Si rahisi kulaumu watengenezaji. Ni vigumu kuandika tukio la mahaba kwa ajili ya mwigizaji ambaye huenda asirudi kesho. Kwa upande mwingine, kundi la wanawake la Gargar kutoka Garissa limeendelea kuimba hadharani, na uwepo wake jukwaani ni hoja yenye nguvu kuliko makala nyingi.

Filamu iliyoitambulisha Kaskazini Mashariki duniani haikuwa ya mapenzi. Watu Wote ya Katja Benrath, kazi ya mwisho ya masomo katika Hamburg Media School, ilitoka mwaka 2017 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Ina urefu wa dakika 22 na inatokana na shambulio la Desemba 2015 dhidi ya basi lililokuwa likielekea Mandera, ambapo abiria Waislamu walikataa kujitenga na wenzao Wakristo. Inastahili kutajwa hapa kwa sababu ya uigizaji. Adelyne Wairimu anacheza Jua, mwanamke Mkristo aliyefiwa na anayewachukia abiria waliomzunguka. Abdiwali Farrah anacheza mwalimu anayejaribu kuzungumza naye. Sehemu kubwa ya basi ni nyuso zinazokwepana. Hatari inapofika, mwanamke wa Kisomali anamfunika Jua kwa hijabu bila hotuba, na uso wa Wairimu wakati kitambaa kikimshukia unasema kile ambacho mazungumzo ya mwanzo wa safari yalishindwa kusema. Vazi lilelile lililokuwa chombo cha mahaba jukwaani limetumika hapa kwa jambo jingine, kwa uzito uleule.

Filamu ya mapenzi yenyewe ilitoka Djibouti. The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Finland akiwa kijana, ilionyeshwa kwanza katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2021, ikashinda tuzo kuu ya FESPACO jijini Ouagadougou mwaka huohuo, na ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na Somalia kuwania Oscar. Guled ni mchimba makaburi anayesubiri nje ya hospitali na wenzake, koleo begani, wakitumaini kupata maiti ya kuzika. Mkewe Nasra ana ugonjwa wa figo, na upasuaji unahitaji dola 5,000 ambazo hawana. Omar Abdi na Yasmin Warsame wanawacheza wanandoa hawa kama watu waliokwisha kuzoeana, na hilo ni gumu kuliko kucheza wapenzi wapya. Mapenzi yao yamo katika utani. Wanajipenyeza katika harusi ambayo hawakualikwa, na kwa muda mfupi Nasra anang'aa kama bibi harusi mwenyewe. Abdi anamtazama kwa furaha yenye hesabu ndani yake, kama mtu anayejua bei ya kila dakika. Warsame naye hauchezi ugonjwa kwa kuugua. Anauficha, na mtazamaji anauona pale tu anaposahau kuuficha.

Jambo la kushangaza ni kwamba Abdi hakuwa mwigizaji wa taaluma, na Warsame alijulikana kama mwanamitindo huko Canada. Hawakupita Waaberi wala jukwaa lolote la aina yake. Lakini lugha wanayoizungumza, Kisomali cha nyumbani chenye dua, matani na viapo, imejaa ile nidhamu ya zamani: neno la mapenzi halitamkwi moja kwa moja iwapo kuna njia ya kuzunguka. Guled anapoondoka kwenda kijijini kwa miguu kutafuta mifugo ya kuuza, safari hiyo ndefu jangwani ndiyo tamko lake la mapenzi. Mfugaji wa Wajir anaielewa papo hapo, kwani anajua maana ya mtu kurudi mikono mitupu kwa ndugu aliowaacha akadai fungu lake la mifugo.

Baada ya hapo mambo yamekwenda haraka. Septemba 2021 Jumba la Taifa la Sanaa la Mogadishu, lililoharibiwa na vita na kupigwa bomu tena mwaka 2012, lilionyesha filamu za Kisomali kwa mara ya kwanza katika miaka 30. Mwaka 2024 The Village Next to Paradise ya Mo Harawe iliingia katika mashindano ya Un Certain Regard huko Cannes, ikiwa na waigizaji wasio na uzoefu wa kamera na utulivu uliowachosha baadhi ya wahakiki na kuwapendeza wengine. Nchini Kenya, tamasha la kitaifa la maigizo la shule limeongeza filamu kando ya michezo, mashairi na ngoma, na shule za Garissa, Wajir na Mandera hushindana katika ngazi ya kanda yao. Kwenye simu, tamthilia fupi za Kisomali za wapenzi, wakwe na mahari hutazamwa na watu wengi kuliko filamu yoyote ya tamasha. Nyingi zimetengenezwa kwa haraka, muziki ukiambia mtazamaji mapema la kuhisi. Chache huacha kamera usoni pa msichana baada ya mama yake kutaja jina la mchumba, muziki ukiwa umezimwa, na zile chache ndizo ambazo watazamaji huzikata vipande na kutumiana.